Siti, Rachel na picha ya kitandani

Najua nimekuwa kimya hapa ukumbini kwangu, na wapo walioniuliza kama nimehama mji. Sijahama. Niko Themi hapahapa, na Meru ninauona kila asubuhi mawingu yakikubali. Kulikuwa na jambo linanisumbua, na nilitaka nilisome vizuri kwanza kabla ya kuliandika. Ni habari ndefu kidogo. Inaanzia mlimani, inakwenda Paris ya karne ya 19, inarudi Unguja. Kama una chai, vuta kiti.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Wakati fulani nilipanda kwa bibi mmoja kwenye miteremko ya Meru. Jina lake sitalitaja, wala kijiji. Bibi huyu alikuwa mwimbishaji. Kwa miaka mingi harusi ya upande ule ilikuwa haijaanza mpaka yeye aanzishe wimbo, na wanawake wenzake wapokee. Nilimkuta mgonjwa, amelala, sauti imebaki nyembamba kama uzi. Nilikaa naye kama saa moja hivi, akanisimulia mengi, akaniimbia vipande vya hapa na pale, akicheka alipokwama. Kabla ya kuondoka jirani aliyenipeleka akaniambia, "Piga picha tu, hana neno." Nikapiga. Yuko kitandani, blanketi limefika kidevuni, macho yamefumbwa nusu. Kwa macho ya mwandishi wa habari ilikuwa picha nzuri sana, na gazeti nililokuwa nikiliandikia wakati huo likaitoa kubwa, karibu nusu ukurasa.

Hazikupita siku nyingi bibi akafariki. Baadaye nikapigiwa simu na mjukuu wake anayefanya kazi mjini.

"Dada, wewe ndiye uliyeandika habari za Kokoo?"

"Ndiyo kaka. Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa. Nilikuwa nauliza tu, ile picha nani alikuruhusu?"

Nikamwambia habari ya jirani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, bila hata kupandisha sauti, kwamba kule nyumbani kila mtu alimjua Kokoo akiwa amesimama. Watoto wa ndugu zake walioko mbali, ambao hawakuwahi kumwona, sasa wamemjua akiwa amelala. Akanishukuru kwa kupokea simu, akakata. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Arusha, kama mnavyojua, ni mji wa mahakama. Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa hapa mpaka ilipofungwa mwaka 2015, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa tangu 2007. Kwa hiyo ukitaka mwanasheria wa kunywa naye kahawa humkosi. Nilimweleza rafiki yangu mmoja aliyesomea sheria kisa changu, nikitegemea atanituliza. Badala yake akaniuliza, "Unamjua Rachel?" Nikamwambia Rachel wako wengi. Akasema huyu ni mwigizaji wa Kifaransa aliyekufa mwaka 1858, na kesi ya picha yake akiwa kitandani ni miongoni mwa kesi za mwanzo kabisa duniani kuhusu haki ya mtu juu ya sura yake. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimsoma huyo Rachel usiku, na kila nikimsoma namwona mtu mwingine nyuma yake, mtu wa kwetu. Nitamfikia.

Rachel alizaliwa mwaka 1821 katika nyumba ya wageni huko Mumpf, Uswisi. Jina lake halisi ni Élisa Félix. Wazazi wake walikuwa Wayahudi maskini, wachuuzi, watu wa kuzunguka na mizigo yao kutoka soko hadi soko. Binti huyu na dada yake Sarah walikuwa wakiimba barabarani na kwenye vilabu vya kahawa vya mji wa Lyon ili wapate senti za kula. Huko mtaani ndiko sauti yake iliposikika na watu wa muziki, akapelekwa kusoma Paris. Mwaka 1838, akiwa na miaka 17 tu, akapanda jukwaa la Comédie-Française, ukumbi mkubwa wa serikali ya Ufaransa, akicheza nafasi ya Camille katika tamthilia ya Corneille iitwayo Horace. Wakati huo tanzia za zamani za kina Corneille na Racine zilikuwa zimeshachosha watu, vijana wanataka mambo mapya ya mapenzi na mapanga. Rachel akazirudisha. Alipocheza Phèdre ya Racine mwaka 1843, watu walitoka ukumbini hawana la kusema.

Na hakuwa mrembo kwa vipimo vya Paris. Waliomwona wanaandika kwamba alikuwa mdogo wa umbo, mwembamba kupita kiasi, na sauti yake nzito. Halafu alikuwa Myahudi na mtoto wa wachuuzi, na hayo aliyasikia mpaka mwisho. Akidai malipo yake, ana tamaa. Akiwa na mpenzi mkubwa serikalini, mnajua wenyewe wanavyosema.

Basi wasanii wakamvamia. Mchoraji wa Kiingereza William Etty alimchora. Jean-Auguste Barre alichonga sanamu yake ndogo kwa pembe ya ndovu mwaka 1848, ipo jumba la makumbusho la Louvre. (Hapo kwenye pembe nilisimama kidogo. Miaka hiyohiyo Zanzibar ilikuwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya pembe za ndovu duniani, na waliozibeba begani kutoka Tabora hadi pwani wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mkumbuke neno hilo, Wanyamwezi, tutalihitaji.) Mwandishi Charlotte Brontë alimwona jukwaani London mwaka 1851, akatoka ametikisika, na miaka miwili baadaye akamwingiza katika riwaya yake Villette kwa jina la Vashti. Huko Rachel si mtu tena, ni kama pepo aliyepandwa na moto. Na mwaka 1859, akiwa ameshafariki, Jean-Léon Gérôme akamchora kama Tanzia yenyewe, amesimama katika vazi jekundu, mrefu, baridi, kama jiwe. Yule binti mwembamba wa Lyon huwezi kumwona humo.

Nasema haya yote kwa sababu ya kesi. Rachel aliugua kifua kikuu. Safari ya Marekani ya mwaka 1855 ilimmaliza nguvu. Madaktari wakampeleka Misri apate jua, akakaa huko majira ya baridi, haikusaidia. Alifariki Januari 3, 1858, huko Le Cannet kusini mwa Ufaransa, akiwa na miaka 36. Dada yake Sarah, yuleyule waliyekuwa wakiimba naye barabarani, akaita wapiga picha wampige marehemu akiwa kitandani, kwa masharti kwamba picha ni ya familia tu, asipewe mtu mwingine. Picha ikavuja. Mchoraji mmoja, mama Frédérique O'Connell, akachora mchoro wa Rachel akiwa amelala mauti, na mchoro ukaanza kuuzwa na kutolewa gazetini.

Sarah akaenda mahakamani. Na Juni 16, 1858, mahakama ya Paris ikaamua kwamba hakuna mtu mwenye ruhusa ya kutoa hadharani sura ya mtu aliye kwenye kitanda cha kifo bila idhini ya wazi ya familia yake, hata kama marehemu alikuwa maarufu kiasi gani, hata kama maisha yake yote yalikuwa mbele ya watu. Mchoro ukaamriwa ukamatwe, uharibiwe.

Nilisoma kifungu hicho cha umaarufu mara tatu. Sisi waandishi tuna kisingizio tunachokitumia kila siku: fulani ni mtu wa watu, fulani ni maarufu, sura yake ni mali ya umma. Mahakimu wa mwaka 1858, kamera yenyewe ikiwa bado kitu kipya, walishakikataa. Sisi Tanzania tuna ibara ya 16 ya Katiba inayolinda faragha ya mtu, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Lakini kusema kweli nilipokuwa nimesimama mle chumbani na kamera, hakuna ibara iliyonijia kichwani. Niliwaza mwanga wa dirishani.

Sasa huyo mtu wa kwetu niliyekuwa namwona nyuma ya Rachel ni Siti binti Saad.

Wengi wetu tulikutana na Siti shuleni, katika kile kitabu cha Shaaban Robert, tukakisoma kwa ajili ya mtihani na kukisahau. Nimekirudia sasa nikiwa mtu mzima. Siti alizaliwa Fumba, kusini magharibi mwa Unguja, karibu mwaka 1880. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi, mama yake Mzigua wa upande wa Tanga. Walikuwa watu wa ukoo wa utumwa, na binti yao wakamwita Mtumwa. Hilo ndilo jina alilokua nalo: Mtumwa binti Saad. Kazi ya nyumbani ilikuwa ufinyanzi. Alifinyanga vyungu, akavibeba kichwani kutoka Fumba hadi mjini, akavitangaza njiani kwa sauti. Na inasimuliwa kwamba ile sauti ya kutangaza vyungu watu waliisikia kwa mbali sana.

Mchuuzi wa Lyon, mchuuzi wa Fumba. Mnaniona ninakokwenda.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko akakutana na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, kikundi cha taarabu kilichoanzishwa mwaka 1905, akamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Ikumbukwe taarabu ya wakati ule ilikuwa ya wakubwa: ya kasri, ya wanaume, na maneno yake yalikuwa Kiarabu. Huyu mwanamke wa vyungu akaingia humo, na baadaye akawa na kikundi chake mwenyewe, na kina Subeti bin Ambar, Buda bin Mwendo na Mbaruku, yule fundi wa udi asiyeona. Mjini ndiko Mtumwa alikoitwa Siti. Siti kwa Kiarabu ni bibi, mwanamke wa heshima. Fikiria mtu anaitwa Mtumwa miaka thelathini, halafu siku moja anaitwa Bibi.

Aliimba kwa Sultani, akaimba kwenye majumba ya matajiri, akarudi Ng'ambo kwake kuimba na watu wake. Mwaka 1928 wakapanda meli hadi Bombay kurekodi santuri za HMV, zile zenye chapa ya mbwa. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi santuri za biashara, na zikauzwa pwani yote hii. Kwa Kiswahili, tena. Mtu wa Lamu au Dar es Salaam ambaye hajawahi kumwona Siti aliweza kumsikia kwenye gramafoni ya jirani.

Na sura yake? Hapo ndipo nilipokwama. Rachel ana michoro, sanamu, pembe ya ndovu, riwaya. Siti picha zake zilizobaki ni chache mno, na inasimuliwa kwamba hata alipoimba aliimba amefunikwa buibui. Siku moja niliuliza kwa mchoraji mmoja karibu na soko la vinyago hapa mjini kama anaweza kunichorea Siti binti Saad. Akasema, "Yule mwenye sigara?" Nikamwambia hapana, huyo ni Bi Kidude. Akasema basi huyo mwingine amjui sura. Ana simba, ana Wamasai wanaoruka, ana Kilimanjaro ya kila saizi, ana Bi Kidude na sigara yake. Siti hana.

Lakini Siti alichorwa. Alichorwa kwanza na mahasidi wake. Alipopanda juu, ukatungwa wimbo wa kumkejeli, na wazee wa Unguja wanaujua mpaka leo. Wimbo ule ulimkumbusha kwamba ni mtu wa shamba aliyeingia mjini na kaniki yake, kwamba hana uzuri wala ukoo, ana sauti tu. Kaniki, kwa asiyejua, haikuwa nguo tu. Pwani ilikuwa vazi la mtumwa. Kumwambia mtu umekuja na kaniki ni kumrudishia lile jina la Fumba. Na yeye akajibu, tena kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukoo si hoja. Kinachotazamwa kwa mtu ni akili na tabia yake. Wapo wanaouimba mpaka leo bila kujua ulikuwa jibu la matusi.

Rachel aliitwa mchoyo na Myahudi, akajibu kwa kucheza Phèdre. Siti alijibu kwa maneno yake mwenyewe. Kwangu mimi hapo Siti anamzidi, kwa sababu Rachel sehemu kubwa ya maisha yake alisema maneno ya wanaume waliokufa zaidi ya miaka mia moja kabla yake. Najua wapenzi wa tamthilia mtanirukia kwa hili, na hata tungo nyingine za Siti zilitoka kwa wenzake wa kikundi. Sawa, lakini mambo aliyoyaimba yalikuwa ya mtaani kwake, ya wiki ileile.

Chukua wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alifika Unguja, mwanamume aitwaye Kijiti akamfanyia ukatili na kumwua, naye alikuwa mjamzito. Kijiti akatorokea bara. Na waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi, wanawake, ndio walioishia kuadhibiwa. Siti akauimba mkasa huo, jina la muuaji akalitaja wazi, aibu ya mahakama akaitia ndani ya taarabu. Mwandishi wa habari anayeisoma habari hii anajua ni kitu gani hiki. Hii ni ripoti ya mahakamani. Tofauti yake na zetu ni kwamba watu waliikariri.

Na tazama alivyomchora yule marehemu. Yupo mhalifu, upo uonevu, ipo njia aliyopita mgeni yule hadi kufa. Nimesikiliza wimbo ule zaidi ya mara kumi. Mwili wa yule mwanamke haukutandazwa tuutazame. Sijui kama nasikia ninachotaka kusikia, lakini nilipofika hapo nilizima redio nikatoka nje.

Mchoraji wa pili wa Siti ni Shaaban Robert. Alikutana naye mwishoni mwa maisha yake. Siti alifariki Julai 8, 1950. Wasifu wa Siti binti Saad ulichapishwa kwanza mwaka 1958, na ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya Kiswahili kuandika maisha ya mwanamke wa kawaida, tena mwimbaji, katika wakati ambapo mwimbaji wa kike alitazamwa kwa jicho la pembeni. Shaaban mwenyewe alikuwa mtu wa Tanga, upande alikotoka mama yake Siti. Ninampenda Shaaban, nisieleweke vibaya. Lakini nikisoma sasa naona alichofanya Gérôme kwa Rachel ndicho alichofanya yeye, kwa heshima na kwa nia njema kabisa. Amemsimamisha. Siti wa kitabuni ni mvumilivu, mcha Mungu, mwenye hekima, mfano kwa wasichana. Amevishwa vazi jekundu la Tanzia, ila letu ni jeupe.

Mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake kuhusu burudani na siasa za Zanzibar kilitoka mwaka 2001, alikwenda kuzungumza na wazee wa Ng'ambo wenyewe. Wazee hawakukumbuka sana kasri la Sultani. Walikumbuka baraza lake Siti nyumbani, watu wamekaa mpaka usiku, habari za siku zinazungumzwa, utani, nani kaonewa na nani, na kesho yake au wiki ijayo wimbo unatoka. Siti huyu ana kicheko. Ana hasira pia. Nadhani angeweza hata kukujibu vibaya ukimwuliza swali la kijinga, jambo ambalo Siti wa Shaaban asingethubutu.

Sisemi Shaaban alidanganya. Alijua wasomaji wake. Ukitaka mwanamke wa ukoo wa utumwa, mwimbaji, aheshimiwe na watu wa mwaka 1958, utamwandika hivyohivyo. Miaka 30 baadaye waandishi wa habari wanawake wa Tanzania waliounda chama chao cha TAMWA mwaka 1987 walipotafuta jina la jarida lao wakaliita Sauti ya Siti. Hawakuchukua sura, hawakuwa nayo. Walichukua kile kilichobaki.

Bi Kidude ndiye aliyekuja kupata sura. Fatuma binti Baraka, mwenyewe alisimulia jinsi alivyojifunza nyimbo za Siti akiwa binti, kwa kusikiliza. Buibui akaliacha, akazunguka, akapiga ngoma, akavuta sigara mbele ya kila kamera. Mwaka 2005 alipata tuzo ya WOMEX huko Ulaya, 2006 ikatoka filamu ya Andy Jones kuhusu maisha yake. Huyu alipenda kamera na kamera ilimpenda. Lakini angalia mwisho wake. Mwaka 2012, akiwa mzee sana na mgonjwa, zikaibuka habari kwamba ametekwa, ndugu wanasema yuko kwao anatunzwa, wengine wanasema kafichwa, na dunia nzima inataka kumwona. Alifariki Aprili 17, 2013. Mwaka 2015 Jones akatoa filamu ya pili, inayohusu hayohayo ya siku za mwisho. Kuna mahali humo niliangalia pembeni. Si kwamba filamu ni mbaya, la hasha, na mwenye filamu alimfahamu bibi miaka mingi kuliko mimi nilivyomfahamu bibi yangu wa Meru, ambaye nilikaa naye saa moja. Ndiyo maana niliangalia pembeni.

Rafiki yangu mwanasheria alipomaliza kunieleza kesi ya Rachel nilimwuliza swali ambalo naona hata yeye lilimpa tabu. Je, kama Sarah asingeita wale wapiga picha? Maana familia yenyewe ndiyo iliyotaka picha. Sarah alitaka kitu cha kubaki nacho chumbani, amwangalie mdogo wake peke yake. Hakukataa picha, alikataa macho yetu. Akasema ndiyo, hapo hasa ndipo kesi ilipo.

Nilimpigia simu mjukuu. Ilinichukua wiki tatu kupata moyo. Nikamwambia ninazo picha nyingine za siku ileile, mikono ya bibi, kikombe chake, na sauti ya zile nyimbo alizoniimbia, karibu dakika ishirini, nikataka kujua kama familia inazitaka. Akasema atauliza wakubwa. Baada ya siku mbili akaniambia niende Jumapili.

Nikaenda. Tulikaa nje, walikuwepo mabinti wawili wa marehemu, mama watu wazima, na watoto wengi. Nikacheza ile kanda kwenye simu. Kipande cha kwanza walinyamaza. Cha pili, pale bibi anapokwama na kucheka, binti mkubwa akapokea. Akauendeleza wimbo ulipokatikia, mdogo wake akaingia, na watoto ambao nilidhani hawaujui wakaujua. Nikaizima simu kwa sababu ilikuwa inawaharibia.

Baadaye mjukuu akaingia ndani akatoka na picha moja ya zamani, ya rangi zilizofifia, pembe moja imeliwa na unyevu. Harusi ya mwaka gani hata wao walibishana. Kokoo amesimama mbele ya wanawake, mkono mmoja juu, mdomo wazi kabisa. Aliyepiga picha hakuwa fundi, nusu ya kichwa cha mwanamke wa pembeni imekatwa na kuna mbuzi anapita. Akaniuliza kama gazeti lingeweza kuitoa hiyo. Nikaipeleka. Nikaambiwa habari imeshapita.

Ile ya kitandani nimeifuta kwenye kompyuta na kwenye kadi ya kamera. Nakala za gazeti bado zipo, moja niliiona mwezi uliopita dukani kwa muuza karanga, amebakiza ukurasa huohuo kwa ajili ya kufungia. Nikanunua karanga, nikamwomba na ukurasa.